Kamba ya Nguo Siku ya Bwana

Jumatatu, 24 Mei 1943

Ehee, kabla jirani yangu Murdag hajanikatiza juzi nilikuwa nimefika kwenye soksi. Basi, hizi soksi za wanamaji ninazofua hazinuki miguu. Mwanamume yeyote soksi zake zinanuka miguu, marehemu mume wangu ndiyo usiseme, akivua viatu paka alikuwa anahama nyumba. Lakini za hawa vijana zinanuka dizeli, na kuvu, na kabichi ya jana. Tena zimelowa kabisa, siyo jasho, kama kitu kilichofungiwa ndani ya birika.

Nikamwambia Murdag, "Shoga, hawa hawafanyi kazi melini. Mtu wa meli anakaushwa na upepo."

Murdag akasema, "Labda wanalazwa kisimani."

Tukacheka mpaka chai ikapoa, na chai yenyewe ya mgao.

Hawa wanamaji wamekuja tangu theluji ilipoanza kuyeyuka, wakachukua ile nyumba kubwa ya bwana mwenye ardhi kule mwisho wa ghuba. Barabara imewekwa seng'enge, na sisi wenyeji wa kijiji cha Camas Ruadh tunapita kwa karatasi ya ruhusa, kwenye nchi yetu wenyewe. Kufua nafua mimi. Nilisoma madarasa mawili tu, mwalimu alikuwa anatuchapa tukisema Kigaeli, lugha yetu, na Kiingereza hatukijui, sasa tungesema nini? Nikaondoka. Lakini kufua nafua, na kusema nasema, hata Kiingereza nilikiokota baadaye.

Jumamosi, 29 Mei

Kaka yangu Ruaraidh kapita jioni kukagua kamba yangu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na kamba ya nguo tu. Yeye ni mzee wa kanisa, na ndiye anayetega nyavu za samaki wa samoni za bwana mwenye ardhi. Kaka mwenyewe ni mtu mrefu, amenuna kama aliyelishwa siki utotoni. Kila Jumamosi jua likishuka anakuja kuhakikisha hakuna kitu kitakacholala kambani mpaka Sabato, ndiyo Jumapili yetu.

"Dolina, hizo fulana."

"Kaka, zina maji bado."

"Zitoe."

"Nikizitoa zitavunda."

"Soksi ya Mwingereza haitaning'inia juu ya ardhi ya baba yangu siku ya Bwana. Acha zivunde."

Akazianua mwenyewe, akazitupa kwenye kapu, moja moja, kama anashika panya. Nami nikacheka kimoyomoyo. Hakuna anayesema Ruaraidh ni mtu mbaya. Ila ukikaa naye unatamani mvua.

Jumatatu, 31 Mei

Mvua. Nimezifua upya zote.

Jumanne, 8 Juni

Sasa leo nimeona mambo, na nimeapishwa nisimwambie mtu. Daftari si mtu.

Nilikuwa chini mawe yalipo, nasuuza mablanketi, ghuba limelala shwari kama maziwa. Mara maji mbele yangu yakavimba. Kikatoka kitu cheusi, kirefu kama nyumba yangu na zizi la ng'ombe ukiviunganisha, hakina mnara, hakina mzinga, mgongo tu. Kikafunguka mfuniko. Akatoka kijana, uso wa kijani, akashika bomba, akatapikia baharini kwa heshima zote. Alipoinua macho akaniona na blanketi langu.

"Habari za asubuhi, Mama," akasema.

Ni Wilf! Yule kijana ninayemfulia, wa mji wa Grimsby, wa soksi zenye kiraka cha bluu! Nikamwuliza, "Mko wangapi humo?" akasema wanne. Wanne! Mimi humo nisingeingia hata na kuku. Mtu hawezi kusimama wima, kuta zinatoka jasho usiku na mchana. Ndiyo maana ya soksi.

Haikupita saa akaja mkubwa wao, Luteni Pascoe, mtoto mwenyewe, ndevu zinahesabika. Akakaa jikoni kwangu, kofia magotini.

"Bi Dolina, leo umeona nini?"

"Nimeona chuma kimetoka majini."

"Hapana. Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Vizuri sana. Maisha yetu wanne yamo mdomoni mwako."

Nikasema sawa. Lakini nikashindwa kujizuia. "Luteni, hicho kitu ambacho sijakiona, kina choo?"

Akaangalia huku na huku. "Kina kindoo."

Masikini ya Mungu.

Alhamisi, 10 Juni

Kunyamaza kunaumiza kuliko jino. Murdag kanibana. Mume wake aliona maji yakivimba Jumanne, na mimi nilikuwepo. "Sema, shoga, uliona nini?" Ulimi ukanicheza kama ndama aliyefunguliwa. Nikasema, "Papa. Papa mkubwa yule asiye na meno, anayekuja kiangazi kunywa maji ya juu." Akasema, "Lo! Mkubwa?" Nikasema, "Kama zizi." Angalau hapo sikudanganya.

Jumamosi, 12 Juni

Papa wangu sasa ana mapezi matatu na amemfukuza mtu wa mashua. Mchungaji Finlayson mwenyewe kaniuliza habari zake.

Jumatano, 23 Juni

Tumekata udongo wa kuchoma, ndio kuni zetu, kule mlimani, mimi na Raonaid, binti wa pekee wa Ruaraidh. Mama yake alikufa akimzaa, nimemlea mimi. Visubi vimetula uso mpaka tumefanana. Nikaona anaimba. Raonaid haimbi. Nikamwambia, "Mtoto wewe, udongo huu hauna utamu wa kumwimbisha mtu." Akasema, "Shangazi, si nasaidia kazi iende." Hamna. Kuna mtu.

Ijumaa, 2 Julai

Mtu mwenyewe ni Wilf. Ningejua mapema, maana tangu juma lililopita analeta nguo zake mwenyewe, tena nyingine safi kabisa. Nafua nguo safi. Leo kakaa kwenye gogo langu anamenya viazi pamoja na Raonaid, yeye anasema Kiingereza chake, binti anasema chake cha shule, katikati wanacheka tu. Kijana mpole, mtoto wa wavuvi, anajua kupara samaki bila kuambiwa. Kazi yake kwenye lile lichuma ndiyo mbaya kuliko za wenzake wote. Likikutana na wavu wa adui, yeye ndiye anatoka nje, huko huko chini, amevaa raba mwili mzima, anaukata. Hiyo kaniambia mimi. Raonaid anadhani anapika.

Jumapili siandiki, ni dhambi. Hii naandika Jumatatu, 12 Julai

Jana baada ya kanisa Wilf alikuja kwa Ruaraidh kumwomba binti, na kofia mkononi, mimi nikiwa mkalimani. Niacheni nicheke kwanza.

Wilf akasema anampenda. Nikatafsiri. Ruaraidh akasema, "Mwulize Sabato iliyopita alikuwa wapi." Nikauliza. Wilf akasema alikuwa kazini. Ruaraidh akasema, "Mwulize kazi gani." Wilf akaniangalia, nami nikamwangalia. Akasema hawezi kusema.

"Basi mwambie," kaka akasema, "mtu anayefanya siku ya Bwana kazi asiyoweza kuitaja, mimi simpi hata mbwa wangu."

Hiyo nikaitafsiri, "Anasema atafikiri." Mungu anisamehe, ila uso wa kijana ulikuwa unavunja moyo.

Raonaid akasema pale pale kwa lugha yetu, "Baba, huyo atakwenda vitani vuli hii, kila mtu anajua. Akifa sijawa mke wake, sitakusamehe." Akatoka. Ruaraidh kabaki anaangalia Biblia yake, haijafunguliwa.

Jumanne, 20 Julai

Mvua. Samoni wengi. Luteni alimwendea Ruaraidh, mimi mkalimani tena, kumwuliza mambo ya nyavu, ziko wapi na zinapandishwa lini. Kaka akajibu, "Sheria inasema kuanzia Jumamosi mchana nyavu zote za samoni ziko juu, nje ya maji, mpaka Jumatatu. Tangu babu yangu hatujawahi kukosa. Kama ninyi hamumwogopi Mungu, Sabato ghuba ni lenu." Luteni akaandika, akashukuru. Nimeona sasa Jumapili ndiyo wanazunguka huko chini zaidi.

Alhamisi, 5 Agosti

Meza ya Bwana imefika. Tangu leo hadi Jumatatu hakuna kazi, ni mahubiri tu. Wageni wametoka mabonde yote, wengine kwa miguu kuvuka mlima. Kwangu wamelala saba, kwa Ruaraidh sijui, mpaka ghalani. Ni wengi hawaenei kanisani, kwa hiyo ibada ni huko nje kwenye mteremko unaotazama ghuba, meza ndefu imetandikwa kitambaa cheupe kwenye nyasi. Kitambaa nimefua mimi. Mwaka huu Ruaraidh ndiye atakayebeba mkate. Hajala tangu jana, na siyo kwa kufunga tu.

Jumamosi, 7 Agosti

Mahubiri ya maandalizi tangu asubuhi mpaka jioni. Ruaraidh kaketi mbele kabisa, shingo ngumu kama mlingoti. Wageni wananong'ona, "Yule ndiye mzee Ruaraidh, mcha Mungu kweli." Masikio yake yakawa mekundu. Hakukagua hata kamba yangu. Nilianua mwenyewe.

Jumatatu, 9 Agosti

Sasa kaa chini, daftari, nikuambie ya jana.

Tulikuwa mteremkoni, watu kama mia na kitu, wote wamevaa nyeusi tii. Jua lilikuwa limetoka, jambo geni. Mchungaji Finlayson kashika mahubiri, macho yake hayaoni mbali, sauti inafika mlima wa pili. Sisi tunaangalia ghuba kwa sababu ndivyo tulivyokalishwa. Lakini wakati wa neno mtu mwema haangalii kitu cha dunia. Unaweka macho kwenye kofia ya aliye mbele yako, basi.

Nikaona boya la wavu wa Ruaraidh limezama.

Nikajiambia, hapana, huo wavu si umepandishwa? Jumamosi si ndiyo? Likazama la pili. Halafu maboya yote, mstari mzima, yakavutwa upande kama mtu anavuta uzi kwenye pindo la nguo. Niligeuza jicho moja tu. Naapa kila mtu mteremkoni alikuwa ameona, na hakuna aliyeangalia. Shingo zote mbele. Murdag kando yangu akasema bila kufungua midomo, "Papa wako."

Mume wake nyuma akasema, "Anauchana wavu, masikini Ruaraidh."

Mtu akasema, "Nyamazeni, ni neno la Bwana."

Na kweli nani angekwenda? Hata samaki aliyeingia wavuni siku ya Bwana hatumgusi, anarudishwa. Mali ichanike, Sabato ni Sabato. Hata mimi, kwa dakika nzima nzima nikaamini papa. Papa niliyemtunga mwenyewe jikoni kwangu! Uongo ukikaa sana unapata mifupa.

Kisha upepo ukageuka, ukanijia usoni. Dizeli.

Kati ya maboya kikatokea kichwa cheusi, mviringo, kikazama, kikatokea tena. Mtoto mmoja akasema, "Sili." Lakini sili ni mnyama wa mapezi, hana mkono. Mkono ulitoka, ukapapasa wavu, ukarudi chini na wavu wenyewe.

Nilisimama. Miaka hamsini na mbili sijawahi kusimama kwenye mahubiri ila kuzaa, na watoto hata hawakuishi. Nikasema kwa sauti, "Kaka, kuna mtu kwenye wavu wako."

Mahubiri yakakatika. Ruaraidh alikuwa amesimama kando ya meza, sahani ya mkate mikononi.

"Kaa chini, Dolina. Ni papa."

"Papa hanuki dizeli."

"Kaa chini! Wavu wangu uko juu tangu jana mcha..."

Nikamwona anakumbuka. Jumamosi mchana alikuwa ameketi mbele, wageni wanamtazama. Hakwenda kupandisha. Wala hakumtuma mtu, maana kumtuma mtu siku ya maandalizi nako kungeonekana.

Raonaid akasimama. "Shangazi, ni nani humo?"

Luteni alisema maisha yao yamo mdomoni mwangu. Basi nikaufungua mdomo. "Ni Wilf. Na wenzake watatu wako chini yake, ndani ya chuma."

Kaka aliweka ile sahani ya mkate juu ya meza, taratibu, kama mtoto mchanga. Halafu akakimbia. Sisi wawili nyuma yake. Mashua yake iko pale pale chini. Yeye makasia mawili, mimi na Raonaid moja moja, na Ruaraidh na suti nyeusi na tai ya harusi yake. Nyuma yetu Mchungaji, ambaye hakuona kitu ila amesikia vyote, akapaza sauti, "Kazi ya rehema si kuvunja Sabato! Imbeni!" Wakaanza zaburi. Nimepiga makasia mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuyapiga kwa zaburi, na nakwambia unafika haraka.

Wilf alikuwa amenaswa bega na bomba lake la hewa, ananing'inia kwenye wavu kama samoni, kila lile lichuma linapojaribu kurudi nyuma linamvuta chini nalo. Ruaraidh akaingiza mkono majini mpaka bega, akakata. Kisu chake cha samaki alikuwa nacho mfukoni, kwenye meza ya Bwana. Akakata kamba ya juu, akakata ya pembeni, wavu wa bwana mwenye ardhi, mzima, akiukata kama anachana shati. Nikasikia analia, lakini siyo machozi, ni ile sauti ya mtu anayebeba jiwe. Tukamvuta kijana ndani. Midomo ya bluu, damu puani, macho yamegeuka. Raonaid akamvua kile kinyago cha kioo, akampiga kofi, akampiga la pili. Akakohoa.

Maji yakavimba kama siku ile, chuma kikatoka kimevaa matambara ya wavu kichwani kama mtandio wa bibi. Mfuniko ukafunguka. Luteni akachungulia, akatuona: mzee mwenye tai, wanawake wawili na kofia zao za ibada, na zaburi inatoka mlimani.

"Bi Dolina," akasema, "nimekufa?"

"Bado," nikamwambia.

Ruaraidh alivua koti lake la meza ya Bwana akamfunika Wilf. Tukarudi ufukweni yeye akiwa na shati tu mbele ya mabonde yote. Hakurudi mezani. Aliketi nyuma kabisa, kwa wale ambao hawajapokelewa mezani, mpaka mwisho.

Jumanne, 10 Agosti

Murdag haniongeleshi. Amesema, "Papa, eti." Nimempelekea siagi.

Ijumaa, 13 Agosti

Wazee wa kanisa wameketi. Nilidhani watamshtaki kaka kwa mashua na makasia. Wakasema hapana, hiyo ni rehema, imeandikwa. Wakawa wanataka kufunga kikao, ndiyo Ruaraidh akasimama. Mume wa Murdag alikuwemo, Murdag kaniambia, maana siagi imefanya kazi. Kaka akasema, "Wavu ule niliuacha majini mimi. Sheria naijua. Niliketi mbele ili nionekane nimeketi mbele. Niondoeni kwenye mkate."

Wakamwondoa kwa mwaka mmoja. Na bwana mwenye ardhi amempa kazi ya nyavu mtu mwingine.

Jioni nikamkuta anatengeneza ua wa kuku. Nikasema, "Kaka, pole." Akasema, "Yule kijana anakula?" Nikasema anakula. "Mkate wetu wa shayiri?" Nikasema anaupenda. Akapiga msumari. "Basi siyo mjinga."

Jumamosi, 21 Agosti

Koti la Ruaraidh limerudi kutoka kule nyumba kubwa, linanuka dizeli. Nimelifua mara mbili, halitoki. Nikamwomba radhi. Akasema, "Liache."

Jumatatu, 30 Agosti

Jana ndoa imetangazwa kanisani mara ya kwanza. Ruaraidh mwenyewe ndiye alikwenda kwa karani wa kanisa, hakumwambia mtu. Mchungaji alipotaja Wilfred Osgerby na Raonaid binti Ruaraidh, nilipiga kelele ndogo, nikaigeuza kikohozi. Sabato tatu lazima, ndiyo desturi. Zimebaki mbili. Nikamwuliza Luteni kwa utani kama vita inaweza kungoja Sabato mbili. Hakucheka. Ni mara ya kwanza hajacheka na utani wangu.

Jumatatu, 6 Septemba

Mara ya pili. Wilf alikuwepo, kaketi kando ya Ruaraidh, kavaa lile koti la dizeli. Limemzidi mikono.

Wanamaji wote wananyoa ndevu. Sijui kwa nini hilo limenitisha.

Alhamisi, 9 Septemba

Wamekwenda. Asubuhi ghuba lilikuwa na nyambizi kubwa, zile za kweli, kila moja imefunga kamba nyuma yake, na mwisho wa kamba hakuna unachokiona, maana vile vyuma vyao viko chini ya maji. Wilf alikuja alfajiri na kapu la nguo za wote wanne. "Mama, hizi hatuna haraka nazo." Luteni alikuwa anangoja njiani, akanipungia kofia. Akasema, "Bi Dolina, hujaona kitu." Nikasema, "Sijaona, ila kunywa maji, uso wako mbaya."

Raonaid kasimama kwenye mawe mpaka moshi umekwisha.

Jumatatu, 13 Septemba

Mara ya tatu imetangazwa jana, bwana harusi hayupo. Mchungaji akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Mvua kwenye paa. Nikageuka kumwangalia Ruaraidh, alikuwa ameangalia mlango.

Jumamosi, 18 Septemba

Mvua.

Jumatano, 22 Septemba

Mvua. Murdag anasema redio ya mwalimu haijasema kitu. Nikasema hakuna kitu cha kusema, shoga. Nimekuwa hodari wa kunyamaza, hata mimi nashangaa.

Jumanne, 28 Septemba

Tumeanza viazi. Raonaid anachimba kama anamtafuta mtu. Nikamwambia pole pole unavikata. Akasema, "Shangazi, nguo zake zimekauka?" Nikasema zimekauka tangu zamani, nimezikunja, ziko kwenye kapu kando ya moto. Akasema, "Zifue tena." Nikazifua tena.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nguo za Luteni zilikuwa zimeanza kuota kuvu mikononi, nimezichemsha upya, mashati matatu na fulana. Nilichelewa kwa sababu ya viazi, jioni bado zilikuwa kambani zinadondosha maji. Ruaraidh kapita kama kawaida. Nikajiweka tayari. Akasimama, akazitazama, akashika ukosi wa moja kuona kama imekauka. Akaenda zake. Kapu sikuligusa. Nguo zimelala nje.

Jumapili, 3 Oktoba

Naandika siku ya Bwana, basi, nimeandika. Nimesingizia jino, sikwenda kanisani, kwa sababu alfajiri nimeona nyambizi kubwa moja kwenye mdomo wa ghuba, ndani ya ukungu, imekuja pole pole. Nyuma yake hakuna kamba. Ziliondoka nyingi. Hii ni moja. Sikumwambia Raonaid. Amekwenda ibadani amevaa kofia yake, kasema, "Shangazi, weka kitu cha moto kwenye hilo jino." Nimekaa dirishani. Mashati ya Luteni yananing'inia nje, kila apitaye kwenda kanisani ameyaona, na hakuna aliyesema, maana kamba ni ya dada wa Ruaraidh.

Kengele imelia zamani. Saa hizi wako kwenye zaburi ya kwanza.

Kuna mtu anapanda njia kutoka gatini. Anakimbia. Huyo ni Ruaraidh! Hakuwa kanisani?

Amefika dirishani, kofia hana. "Dolina! Lete kapu la nguo!"

Nikasema, "Kaka, leo Sabato."

"Najua leo ni siku gani, mwanamke! Wamewashusha gatini wamelowa kama samaki. Wilf anatetemeka mpaka meno yanagongana, anasema soksi, anasema soksi zenye kiraka. Nimemtoa Raonaid kanisani akae naye. Lete soksi!"

Maiti hatetemeki. Nilishika ukingo wa dirisha.

"Kapu lote, kaka?"

Akaangalia kamba, halafu akaniangalia.

"Lete za watatu. Za Luteni ziache. Ziache hapo hapo kambani, asiziguse mtu."

Amekwenda zizini kuchukua toroli. Naandika haraka tu, nikae sawa kidogo. Ameshatoka nalo, yuko mlangoni, anaita, "Dolina! Weka hiyo kalamu!"